Damu ya Matanga

Taa ya Kinu ilikuwa nyekundu Kalunde alipoingia kazini asubuhi ile, na hakujali. Kinu kile kilikuwa na visa vyake. Kiliwahi kuwaka nyekundu kwa sababu buibui alijipenyeza kwenye mfuko wa mbu akasagwa pamoja nao, na mara nyingine kiliwaka kwa ajili ya unyevu tu. Basi Kalunde akatundika mkoba, akavua viatu vya barabarani, akaanza kuvaa ndala za maabara, huku akikiuliza Kinu kama anayemuuliza mtoto mtundu amevunja nini tena.

"Haya, leo una nini?"

"Kata ya Isunga," Kinu kilijibu kwa sauti yake ya kike isiyo na haraka. "Homa ya ini B. Mmoja kwa watatu."

Ndala ya pili ilikuwa bado haijaingia mguuni. Kalunde alibaki amesimama vile vile, mguu mmoja juu ya sakafu baridi.

"Rudia."

"Mmoja kwa watatu."

Isunga ndiko alikozaliwa. Ndiko alikomzika mama yake mwezi uliokuwa ndiyo kwanza umekwisha, na ndiko mdogo wake Nyamizi alikokuwa anasubiri uchungu wakati wowote, tumbo likiwa limeshashuka na miguu imemvimba. Kwa sheria ya nchi, kata ikipita mmoja kwa kumi, inawekewa uzio. Na mtoto anayezaliwa ndani ya uzio halali na mama yake hata siku moja. Anachukuliwa akiwa bado na kitovu kibichi, anapelekwa Nyumba ya Wachanga, na anarudishwa akishatimiza mwaka, kama watakumbuka ni wa nani.

Uzio haukuwekwa bila alama ya dole gumba la mkadiriaji. Mkadiriaji aliyepangiwa Isunga mwezi ule alikuwa yeye. Alishawahi kutia dole kwa kata mbili ambazo hakuwahi kuzikanyaga, na jioni ya siku zote mbili alikwenda nyumbani akapika, akala, akalala.

"Nionyeshe walioumwa na mbu," alisema.

*

Katika nchi ile hakuna aliyekuwa anapita mlango kwa mlango kuomba watu damu. Walijaribu zamani, watu wakakimbilia mashambani. Tangu hapo kazi ilifanywa na mbu wa serikali. Wiki moja kila mwezi, iliyoitwa wiki ya mavuno, minara ilifunguliwa magharibi inapoingia, wakatoka mbu wenye miguu ya buluu, waliofugwa na Taasisi ya Makadirio, wasiobeba malaria wala kuacha mwasho. Kumuua mmoja lilikuwa kosa. Walikunywa walipokunywa, na alfajiri mnara ulitoa harufu waliyoipenda kuliko damu yenyewe, wakarudi wote, wakafungwa mifukoni, wakasafirishwa hadi kwenye Kinu.

Kinu kiliwasaga mmoja mmoja na kuuliza kila tone mambo matatu tu: ni la mwanamke au mwanamume, la umri gani kwa kukisia, na virusi vimo au havimo. Sehemu ya damu inayosema mtu ni nani hasa iliingizwa kwenye Sanduku na kufungwa. Hiyo ndiyo ahadi waliyopewa wananchi, kwamba damu yao itahesabiwa lakini wenyewe hawatatajwa. Aliyetajwa aliitwa aliyejulikana. Aliyejulikana hapiki mgahawani, hafanyi kazi hospitali, hapangishwi nyumba na mtu mwenye watoto. Nchi nzima iliwaogopa waliojulikana, na waliojulikana walikuwa wachache sana, maana nani angejipeleka?

Kutokana na matone hayo Kalunde alikadiria taifa. Alijua kwamba mbu humpenda mnywa pombe na mjamzito, hivyo matone yao aliyapunguzia uzito. Alijua kwamba mwenye chandarua kizima haonekani, hivyo alimwongezea. Mwisho wa yote ilitoka tarakimu moja iliyosomwa redioni kila mwaka: watu sita katika kila mia. Aliijua tarakimu ile kama jina lake. Hali yake mwenyewe hakuijua. Miaka yote hiyo, akiwa na sindano na vipimo mezani, hakuwahi kujichoma kidole. Alikuwa na sababu nyingi, na chini ya sababu zote ilikuwa hofu.

"Walioumwa," Kinu kilisema, na ukuta ukajaa alama ndogo ndogo, za buluu kwa wanaume na za njano kwa wanawake.

Ukuta ulikuwa karibu wote wa buluu.

Kalunde alikodoa macho. Hakuna kata yenye wanaume watupu. Hata machimboni wapo mama ntilie na wauza maji. Kinu hakikuwa kimekosea, lakini kilichokuwa mbele yake hakikuwa watu wa Isunga. Akatazama ni mnara gani uliovuna sana. Ulikuwa ule ulio nyuma ya uwanja wa mpira, hatua chache kutoka nyumbani kwa marehemu mama yake. Akatazama ni lini.

Zilikuwa siku za matanga.

Ukoo mzima ulikuja kumlilia mama yake. Wajomba walitoka Kahama na Mpanda, binamu walitoka machimboni na bandarini, kaka yake Lubango alifunga jiko la shule anakopika akapanda basi. Na kama ilivyo desturi ya msiba, wanawake walilala ndani juu ya mikeka, wamebanana, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Wanaume walilala nje kuzunguka moto, bila chandarua, bila shati wengine, kwa sababu huwezi kumlinda marehemu ukiwa umejifungia. Mbu wa serikali walitoka mnarani wakakuta karamu.

Kwa hiyo Kinu hakikukadiria Isunga. Kilikadiria damu ya upande wa mama yake, iliyokusanyika kutoka kila kona ya nchi ikalala kwenye ua mmoja. Na damu ile ilikuwa inaumwa. Mama alikufa tumbo limejaa maji na macho ya njano, shangazi yao Wande akaapa mbele ya watu kwamba wifi yake amerogwa, na Kalunde, mkadiriaji wa taifa, alikaa kimya kwenye mkeka akijua na akijifanya hajui.

Simu ikalia. Alikuwa Nyamizi.

"Dada, shikamoo. Kuna malori hapa uwanjani. Yamebeba nguzo na waya. Watu wanasema ni ya uzio, wengine wanasema ni ya umeme. Wewe uko hukohuko, hujasikia chochote?"

"Marahaba. Malori mangapi?"

"Sijui, yamejipanga. Dada, mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi," Kalunde akasema, na chumba chake kilikuwa cha chini. "Wewe unajisikiaje?"

"Kiuno kinavuta tangu alfajiri. Shangazi anasema bado, eti kwanza ninywe uji. Dada, niambie ukweli. Ni uzio?"

"Hawawezi kuweka bila dole langu."

"Basi usitie!"

"Sitii," alisema Kalunde. Alikuwa anajua kwamba mkadiriaji asipotia dole bila kutoa ushahidi, jioni hiyo hiyo analetwa mwingine anayetia.

*

Daktari Rwehumbiza, Mkurugenzi wa Makadirio, alikuwa na tabia ya kuwapikia chai watu aliotaka kuwatisha. Alikuwa na jiko dogo ofisini na tangawizi aliyoiparua mwenyewe. Kalunde naye alipewa kikombe.

"Pole tena kwa msiba, Bi Kalunde. Nilitaka kuja kuhani, majukumu yakanibana."

"Tumeshapoa, Daktari. Nimekuja kwa ajili ya Isunga. Ile hesabu si ya kata. Kulikuwa na matanga. Mbu wamewauma wageni."

"Inawezekana kabisa." Alikoroga chai yake taratibu. "Una ushahidi?"

"Karibu matone yote ni ya wanaume. Hakuna kata ya namna hiyo."

"Huo ni wasiwasi, si ushahidi. Kanuni uliiandika wewe mwenyewe: mavuno yote ya mnara yanafutwa ikithibitika kwamba aliyeumwa, hata mmoja, si mkaazi. Ikithibitika. Na kinachoweza kuthibitisha kipo kwenye Sanduku." Akamtazama kwa upole. "Andika ombi. Mkadiriaji akiomba, mimi nikaidhinisha, Sanduku linafunguka. Utawaona wajomba zako wote kwa majina, utaonyesha wanakoishi, malori yatageuza. Kabla jua halijazama mdogo wako atakuwa salama."

Kalunde hakuwa amemtajia mdogo wake. Kikombe kikagonga kisahani.

"Ulijua Isunga ni kwetu," alisema. "Kanuni inakataza mkadiriaji kupewa kwao."

"Ndiyo maana nimekupa wewe." Hakuinua sauti hata kidogo. "Miaka yote hii nimesubiri mkadiriaji mwenye sababu ya kuomba. Bila ombi mikono yangu imefungwa. Usinione shetani, Bi Kalunde. Tunajua ni sita katika mia, tumejua miaka nenda miaka rudi, na hatuwajui wa kuwapa dawa. Dawa zinaoza stoo! Mama yako alikuwa kwenye ile sita. Kinu kilimhesabu, mwaka hadi mwaka, nawe ukatia dole juu ya hesabu yenye mama yako ndani. Kama tungemjua, angekuwa anatwanga mahindi leo."

Maneno yale yalimwingia Kalunde mahali ambapo hakuwa na ngao. Kwa sababu yalikuwa kweli, au nusu yake ilikuwa kweli, na nusu ile ilitosha kumtoa machozi.

"Na Sanduku likifunguka," aliuliza, "litafungwa tena?"

Daktari Rwehumbiza akanywa chai.

"Lubango anapikia watoto wa shule," Kalunde aliendelea. "Mjomba Kasanda ni dereva wa mabasi. Kesho hawana kazi, keshokutwa hawana nyumba. Na si wao tu. Ni kila aliyewahi kuumwa na mbu nchi hii."

"Hofu ya watu itaisha wakishazoea."

"Itaisha lini? Wakishafukuzwa wangapi?"

"Watu wa malori wanaanza kuchimba saa kumi," Mkurugenzi alisema. "Ombi ni mstari mmoja tu. Maliza chai yako kwanza."

*

Alirudi kwenye Kinu akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Alikuwa anaogopa sana. Aliogopa malori, aliogopa mstari mmoja wa ombi, na alimwogopa yule mzee mpole mwenye tangawizi, kwa sababu hakuwa mwongo. Alimwaza Nyamizi akinyang'anywa mtoto kabla hajamtazama sura. Alimwaza Lubango akirudishwa getini na sufuria zake. Kila upande aliogeukia ulikuwa na mtu wake.

Kisha akakumbuka kipengele ambacho hakuna aliyewahi kukitumia.

Walipotunga sheria ya Sanduku, wabunge walibishana mpaka mate yakawakauka, na ili kuwatuliza wapinzani wakaongeza kwamba mwananchi yeyote anaweza kujiulizia yeye mwenyewe. Anachoma kidole, anakipa Kinu tone, Kinu kinachungulia Sandukuni bila kulifungua, kinasema kama mtu huyo yumo, kwenye mnara gani, na ana hali gani. Hakigusi mtu mwingine. Ila jibu linawekwa wazi, pamoja na jina. Kujiulizia ilikuwa ni kujitoa mwenyewe ukajulikana, na kwa hiyo kipengele kile kilikaa bure miaka yote.

Ushahidi ulihitaji mgeni mmoja tu. Yeye alikuwa mgeni Isunga. Makazi yake yalikuwa hapa makao makuu, na kila mtu alilijua hilo. Shida ni kwamba wanawake walilala ndani.

Lakini kuna usiku mmoja alitoka. Chumba kilikuwa kinanuka jasho na kilio, kifua kikambana, akachukua kanga akaenda kulala nje kando ya Lubango. Shangazi Wande alimfuata hadi mlangoni akamsema mbele ya wanaume wote. "Mwanamke gani analala nje matangani? Mji umekufundisha nini, wewe?" Kalunde alijilaza akaangalia makaa, na kabla usingizi haujamchukua akamwona mbu kwenye kifundo cha mkono wake, miguu ya buluu, tumbo linajaa polepole. Hakuhisi chochote. Akamwacha anywe, kwa kuwa ndiyo sheria, na kwa kuwa ilimchekesha kidogo mkadiriaji naye kukadiriwa.

Kalunde alisimama.

"Kinu. Mnara wa uwanjani, siku za matanga. Niondolee wanaume."

Buluu yote ikafutika ukutani. Ikabaki alama moja ya njano.

Ilikuwa peke yake kabisa katikati ya ukuta mweupe.

"Nisomee," alisema. Alitaka kukiambia kisisome. Mdomo ulishasema.

"Mwanamke. Umri kati ya thelathini na tano na arobaini. Virusi vimo."

Kalunde alijaribu kufanya alichofanya kila siku, kutafuta kosa. Huenda jirani alitoka kwenda haja usiku. Huenda kuna mwanamke mwingine wa umri ule. Lakini mwanamke mwingine pale nje hakuwepo, na Shangazi Wande alihakikisha ukoo wote unalijua hilo. Akakumbuka uchovu wa mwaka mzima aliousingizia kazi. Akatazama mikono yake, kucha, ngozi ya ndani ya kiganja, akitafuta njano.

Kwa hiyo ndivyo ambavyo wangejisikia. Wote wale sita katika mia, kama wangeambiwa.

Na hapo, hofu yake ikiwa bado mbichi, ikaja kubwa kuliko hiyo. Virusi hivi havimsubiri mtu ukubwani. Hupita siku ya kuzaliwa, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kama Kalunde alivipata kwa mama, Nyamizi naye alitoka tumbo lile lile. Na Nyamizi kiuno kilikuwa kinavuta tangu alfajiri.

Kila mtoto anayezaliwa nchini hupewa sindano moja. Mtoto wa mama mwenye virusi anahitaji ya pili, ndani ya saa za mwanzo, na ile ya pili ni adimu, haitolewi kwa kubahatisha. Inatolewa kwa mtoto wa aliyejulikana, au wa ndugu wa tumbo moja wa aliyejulikana. Zahanati ya Isunga ilikuwa nayo kwenye friji. Hakuna aliyewahi kuiomba.

Kwa hiyo hata malori yakiondoka, bado. Hata akinyamaza vizuri kama alivyonyamaza kwenye mkeka wa matanga, mtoto angebaki na mama yake na kunyonya na kubebwa mgongoni, na miaka ikipita tumbo lake lingejaa maji. Watu wangekuja kumlilia, wakalala nje.

Alichukua sindano kwenye droo. Akakikosa kidole mara ya kwanza, akachoma kucha.

*

Alimwita Mkurugenzi aje kushuhudia, maana kipengele kilitaka shahidi. Daktari Rwehumbiza alikuja amebeba ile karatasi ya ombi, akidhani ameshinda. Alipoona tone la damu kwenye kijiko cha Kinu, alisimama mlangoni.

"Unafanya nini, Bi Kalunde?"

"Najiulizia mwenyewe."

"Subiri." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipoteza upole. "Subiri kwanza. Ungelifungua Sanduku, jina lako lingekuwa moja kati ya majina ya nchi nzima. Hakuna ambaye angekunyooshea kidole, maana kila nyumba ingekuwa na lake. Ukifanya hivi unakuwa peke yako. Unanielewa? Peke yako! Hata kazi hii huwezi kubaki nayo, na mimi sitaweza kukusaidia."

"Naelewa."

"Huogopi?"

"Naogopa mpaka nahisi kutapika," alisema Kalunde. "Kinu, mimi ni Kalunde Mihayo. Niambie kama nimo."

Kinu hakikuwahi kuulizwa swali lile na mtu yeyote. Kilichukua muda wake. Sauti ilipotoka ilikuwa ile ile ya kila siku, ya kutangaza unyevu na buibui.

"Kalunde Mihayo yumo. Mnara wa uwanjani, Isunga. Homa ya ini B, virusi vimo. Makazi ya mhusika si Isunga. Mavuno ya mnara yamefutwa. Hesabu ya Isunga imefutwa. Jina limewekwa wazi."

Taa nyekundu ikazimika. Daktari Rwehumbiza alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni. Alitaka kusema kitu, akatazama kidole cha Kalunde kilichokuwa bado kinachuruzika, na bila kujijua akarudi nyuma hatua moja. Kalunde aliiona hatua ile. Alijua ataiona tena kwa watu wengi, na kwamba hii ilikuwa ya kwanza tu.

*

Simu iliita sana Isunga kabla haijapokewa. Aliyepokea alikuwa Shangazi Wande, na nyuma yake kulikuwa na vurugu ya wanawake na maji yanayomwagwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Malori yamegeuza, umesikia? Yameondoka na nguzo zao! Na huyu mwenzio yuko ukingoni, tumeshamfikisha zahanati. Sina nafasi ya maongezi, mwanangu."

"Shangazi, nipe muuguzi."

"Muuguzi ana kazi."

"Basi niweke kwenye spika."

"Ya nini? Chumba kimejaa watu hapa, wanawake wa ukoo wetu wote wamo."

"Wasikie nao. Niweke, Shangazi, nakuomba."

Sauti za chumba zikakua. Alimsikia Nyamizi akiguna kwa uchungu. Kalunde alifumba macho. Mbele ya Kinu alikuwa na shahidi mmoja. Hawa walikuwa ndugu zake, na kuwaambia hawa kulikuwa kugumu zaidi.

"Ni mimi Kalunde," alisema. "Nina homa ya ini. Nimepima leo na jina langu limewekwa wazi. Nimeipata kwa Mama. Mama hakurogwa na mtu yeyote. Nyamizi ni wa tumbo moja na mimi, na mtoto wake apewe sindano mbili. Muuguzi, umenisikia? Mbili. Tazama jina langu kwenye orodha, limeshafika."

Alisikia kiti kikiburutwa. Alisikia mwanamke mmoja akinong'ona na mwingine akimnyamazisha. Sauti ya Shangazi Wande ikaja karibu na simu, ndogo, ambayo hakuwahi kuisikia.

"Wifi yangu nilimlisha mimi kwa mkono wangu," ilisema. "Kijiko kimoja mimi, kimoja yeye."

"Kijiko hakiambukizi, Shangazi. Lakini utapima. Wote mtapima, kwa hiari yenu, mimi nitakuja niwashike mkono."

"Dada." Huyo alikuwa Nyamizi, anahema. "Dada, watakufukuza."

"Wameshanifukuza. Wewe sukuma."

"Naogopa."

"Na mimi naogopa. Sukuma hivyo hivyo."

"Nimeliona jina," muuguzi akasema kwa mbali. "Fungueni hiyo friji, chupa ya chini kabisa, ile ambayo haijaguswa. Upesi!"

Kisha wanawake wote wakaanza kusema kwa pamoja, na Kalunde hakuweza kutofautisha nani ni nani, mpaka kelele zote zilipokatika ghafla na badala yake ikaja sauti moja nyembamba, yenye hasira, mpya kabisa duniani. Vigelegele havikupigwa. Walikuwa wanasubiri, naye alikuwa anasubiri, ameshika simu kwa mikono miwili.

Mtoto akanyamaza. Akalia, sindano ya kwanza.

Akanyamaza tena, kitambo kirefu.

Akalia ya pili.